Hila za wanawake katika tamthilia za Asia: tuanze na nyumba walimofungiwa

Ndugu Mhariri,

Kurasa za burudani za magazeti yetu zina kawaida ya kuitambulisha tamthilia ya Kichina au ya Kikorea kwa mstari mmoja: mrembo anaingia ikulu, anaonewa, analipiza kisasi. Baadaye huja malalamiko kwamba michezo hii inafundisha mabinti fitina. Mstari ule haumsaidii mtu kuchagua cha kutazama, na malalamiko yale yanamlenga asiyehusika. Ukitaka kumpima steringi wa kike mwenye hila, angalia kwanza nyumba aliyofungiwa ina kanuni gani, nani alizitunga, na yeye anapenya wapi. Tamthilia inayozionyesha kanuni hizo inafaa kutazamwa hata ikijaa sumu tangu mwanzo hadi mwisho. Isiyozionyesha ni ugomvi wa wake wenza uliovalishwa hariri.

Tuchukue Empresses in the Palace, iliyorushwa China mwaka 2011, sehemu 76, Sun Li akiigiza kama Zhen Huan. Mambo yote yanatokea Beijing enzi za mfalme Yongzheng, aliyetawala kuanzia 1722 hadi 1735. Nyumba ya mfalme ina ngazi nane za wanawake. Malkia ni mmoja. Chini yake kuna suria mkuu mmoja, kisha wawili, kisha wanne, kisha sita. Ngazi tatu za mwisho hazina kikomo cha idadi. Kwa kanuni za nasaba ya Qing, ukoo wa kifalme wa Yongzheng, posho ya malkia kwa mwaka ilikuwa tael 1,000 za fedha, na tael moja ni kama gramu 37. Wa ngazi ya sita alipata 100, wa ya saba 50, wa mwisho kabisa 30. Malkia alihudumiwa na wajakazi 10, wa mwisho wawili. Sasa weka hapo mabinti waliochaguliwa kutoka familia za maofisa, wasiokuwa na ruhusa ya kurudi kwao, na mtu mmoja tu anayeweza kuwapandisha au kuwashusha. Akikusahau, watumishi wa stoo wanakuletea makaa yanayofuka moshi katikati ya baridi, tabibu anachelewa, na mtoto utakayemzaa ukiwa ngazi ya chini analelewa na mwingine. Katika mazingira hayo hila si tabia mbaya ya mtu. Ni kazi ya kila siku, kama kufua.

Tazama jinsi Zhen Huan anavyoanza. Akiwa mgeni ikuluni anagundua miski imefukiwa chini ya mti mbele ya makazi yake, na katika tamthilia hizi miski huharibu mimba. Hamtafuti aliyeifukia, wala haendi kushtaki. Anamtumia tabibu aliyemfahamu tangu nyumbani kwao, Wen Shichu, na kwa dawa zake anajifanya mgonjwa ili jina lake lisipelekwe kwa mfalme. Steringi wa kwanza wa tamthilia kubwa kuliko zote za ikulu anaanza mchezo kwa kukataa kucheza. Watayarishaji wengi waliomwiga hawakuliona hilo. Wao huanza na kofi.

Tukio linalostahili kutazamwa mara mbili ni la bakuli la maji. Suria mmoja, nyuma yake akiwa malkia, anasimama mbele ya mfalme na baraza zima la wanawake na kudai kwamba Zhen Huan amezini na yule tabibu, na kwamba mwana mchanga si wa mfalme. Linaletwa bakuli. Tone la damu ya mtoto, tone la damu ya tabibu. Yanaungana. Kwa imani ya enzi hizo, kesi imekwisha. Zhen Huan anatetemeka kweli, lakini kichwa kinafanya kazi: anataka damu ya mtu mwingine asiyehusika kabisa iingizwe humo. Nayo inaungana. Maana yake kasoro haiko kwenye damu, iko kwenye maji: yametiwa shabu ili damu yoyote iungane, na aliyeyaandaa ni mtumishi wa malkia. Mashtaka yanageuka yalikotoka.

Utamu wa tukio uko mahali ambapo muhtasari wa gazeti hauwezi kufika. Mtoto yule kweli si wa mfalme. Baba yake ni mwanamfalme wa kumi na saba, ndugu wa mfalme. Wanaomshtaki Zhen Huan wamekosea mtu, hawajakosea jambo. Kwa hiyo hana nafasi ya kusema ukweli, na hana uongo wa kutosha. Kilichobaki ni kuushambulia ushahidi wenyewe, na bahati yake ni kwamba maadui walikuwa na haraka wakauchezea. Wangetumia maji safi, huenda angekuwa salama au huenda angekwisha, kwa sababu kipimo chenyewe hakithibitishi uzazi wa mtu yeyote. Pamoja na hayo, tazama uamuzi unavyofanyika: hakuna anayemwambia mfalme kwamba malkia ndiye mwovu. Anaachwa aone mwenyewe. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya ikulu zote hizi, kwamba mwenye nguvu lazima aamini kuwa amegundua kwa akili zake. Hila inayomfundisha mfalme cha kufikiri hufa mchana uleule.

Kanuni ya pili ni ya habari. Mjakazi, towashi na tabibu ndio mishipa ya nyumba. Malkia mwenye tael 1,000 na wajakazi 10 anazidiwa na suria ambaye mjakazi wake mmoja hanunuliki. Tamthilia nzuri hutumia muda mrefu kuonyesha jinsi mtumishi anavyopatikana: anatetewa adhabu asiyostahili, jamaa yake anapelekewa dawa, siri yake inafunikwa. Tamthilia mbaya hukosa subira hiyo, ikamfanya steringi asikie kila kitu akiwa amejibanza nyuma ya pazia. Ukiona njama tatu mfululizo zimevuja kwa kusikilizwa mlangoni, zima. Mwandishi hana kitu.

Mfano mdogo wa hila iliyosukwa vizuri uko mwanzoni mwa Story of Yanxi Palace, ya mwaka 2018, sehemu 70. Wei Yingluo, aliyeigizwa na Wu Jinyan, anaingia ikuluni kama mjakazi wa karakana ya kudarizi ili achunguze kifo cha dada yake. Anakabidhiwa kazi ya vazi la siku ya kuzaliwa ya malkia, na uzi wa thamani uliokusudiwa kwa vazi hilo unaibiwa. Adhabu iko karibu, muda haupo. Anadarizi kwa uzi uliosokotwa kwa manyoya ya mkia wa kulungu, kisha anatoa sababu: malkia anajulikana kwa kuchukia anasa, na mababu wa Wamanchu, kabila la watawala wa Qing, walikuwa wawindaji, hivyo vazi hili linawaheshimu. Wizi unabaki umefichwa, mwizi anabaki mdomo wazi, na malkia anasifiwa mbele ya watu kwa sifa aliyo nayo kweli. Anayejua historia atatabasamu hapa, maana malkia halisi wa ukoo wa Fuca, aliyefariki 1748, anakumbukwa kwa kumshonea mfalme Qianlong kifuko kwa manyoya ya kulungu. Mwandishi hakubuni kutoka hewani. Alichimba kumbukumbu akapata silaha.

Nirudi kwenye malalamiko ya fitina. Anayesema tamthilia hizi zinawachafua wanawake hajatazama vizuri ni nani mwenye hila kubwa kuliko wote. Katika Empresses in the Palace, suria Hua ndiye tishio la nusu ya kwanza: ana kiburi, ni mkatili, anapenda kwa moyo wote, na hashiki mimba. Kila usiku chumba chake kinafukizwa udi maalumu aliopewa na mfalme peke yake, na yeye anaringa nao. Ndani ya udi huo mna miski. Mfalme alimwogopa kaka wa Hua, jemadari Nian Gengyao, hakutaka mtoto wa ukoo ule, akamfukizia suria wake utasa miaka yote. Zhen Huan hamuui Hua kwa kisu wala sumu. Anamfuata alikofungiwa, anamweleza udi ulikuwa na nini, na Hua anakimbia kujibamiza ukutani. Wanawake wawili wanamalizana, na aliyetengeneza silaha yuko zake anasoma barua za serikali. (Kwa wapenda historia: mke halisi wa Yongzheng wa ukoo wa Nian alizaa watoto wanne, hakuna aliyefika utu uzima. Udi ni wa mwandishi. Jemadari ni wa kweli, na kweli aliamriwa kujiua mara tu baada ya dada yake kufariki.)

Korea ina kesi iliyo wazi zaidi. Jang Hui-bin, suria wa mfalme Sukjong aliyetawala 1674 hadi 1720, ameigizwa mara nyingi kuliko karibu mwanamke yeyote wa enzi ya Joseon, ufalme wa zamani wa Korea, na kwa kawaida kama nyoka. Ukiziweka tarehe zake kando ya tarehe za siasa utaona jambo. Mwaka 1689 mfalme aliwafukuza madarakani watu wa kundi la kisiasa lililoitwa la Magharibi akawaweka wa kundi la Kusini; mwaka uleule malkia Inhyeon, wa upande wa Magharibi, aliondolewa, na 1690 Jang akawa malkia. Mwaka 1694 mfalme akageuza tena: Kusini nje, Magharibi ndani, Inhyeon akarudishwa, Jang akashushwa. Inhyeon alipofariki 1701, Jang alituhumiwa kumroga, akaamriwa kufa. Mara zote mbili, Sukjong alipobadilisha baraza alibadilisha na mke. Watazamaji wanakumbuka wivu wa Jang. Kalamu ya Sukjong hawaikumbuki. Katika Dong Yi ya 2010, sehemu 60, Jang ni adui wa steringi, ingawa kwa haki ya mwandishi amepewa akili na heshima. Miaka mitatu baadaye, katika Jang Ok-jung, Living by Love, sehemu 24, mwanamke huyohuyo ndiye steringi, fundi wa mavazi mwenye kipaji. Ile ya pili ilitaka kumtetea ikaishia kumfanya mpole, na Jang mpole hana sababu ya kukaa kwenye skrini saa 24.

China ilifanya jambo hilohilo mwaka 2018 ndani ya miezi michache. Story of Yanxi Palace na Ruyi's Royal Love in the Palace zina mfalme mmoja, Qianlong, na wanawake walewale. Katika ya kwanza, mwanamke wa ukoo wa Wei, aliyetoka familia ya watumishi, ndiye Yingluo tunayemshangilia, na malkia wa pili wa ukoo wa Nara anageuka adui wa mwisho. Katika ya pili, yenye sehemu 87, Nara ndiye Ruyi, aliyeigizwa na Zhou Xun, na yule Wei ni Yanwan, mjakazi mwenye tamaa asiyeacha mtu salama. Kumbukumbu zinasema mwaka 1765, katika ziara ya kusini, malkia Nara alirudishwa Beijing ghafla baada ya kukata nywele zake, jambo ambalo kwa desturi ya Wamanchu lilifanywa tu kwa msiba mkubwa kama wa mfalme au mama yake. Alifariki mwaka uliofuata akazikwa bila heshima ya malkia. Tamthilia zote mbili zinaonyesha mkasi ule. Katika moja ni kichaa cha mwanamke aliyeshindwa. Katika nyingine ni mke anayeizika ndoa yake akiwa hai. Mwandishi wa ukurasa wa burudani anayezitaja mbili hizi bila kusema hivyo amemnyima msomaji sababu bora ya kuzitazama. Na ndani ya Ruyi kuna bi kizee mmoja mwenye macho makali, mama wa mfalme: hadithi hiyo iliandikwa kama mwendelezo wa ile ya Zhen Huan, na yule mama ndiye Zhen Huan aliyezeeka. Tuliyemlilia sehemu 76 sasa ndiye anayewatisha wageni wa nyumba.

Kwa hila za kiwango cha dola, hakuna wa kumfikia Mishil katika Queen Seondeok, tamthilia ya Korea ya 2009 yenye sehemu 62. Go Hyun-jung alimwigiza akitumia nyusi moja na tabasamu la nusu mdomo, akachukua tuzo kuu ya mwaka ya kituo cha MBC ilhali steringi alikuwa mwingine. Nguvu ya Mishil ni kalenda. Anajua lini mvua, lini jua litapatwa, na maarifa hayo anayauza kwa watu kama sauti ya mbingu. Deokman, binti mfalme aliyetupwa tangu uchanga, hamshindi kwa upanga. Anamfanya aamini kwamba jua halitapatwa siku ile, Mishil anatangaza hivyo, na giza linapoingia Deokman anasimama juu akijitambulisha. Halafu anafanya ambalo Mishil hakuwahi kuliwaza: anaahidi kujenga mnara wa kutazama nyota ili kalenda iwe ya kila mtu, yaani anaifuta silaha aliyoshinda nayo. Mnara wa Cheomseongdae bado umesimama Gyeongju, na Seondeok halisi, ambaye ndiye Deokman, alitawala ufalme wa Silla huko Korea kuanzia 632 hadi 647. Kasoro ya tamthilia ni kwamba Mishil anakufa kabla ya mwisho, na sehemu zinazobaki zinapwaya vibaya. Steringi bila adui wa saizi yake ni mtu anayetembea tu.

Za kisasa zina tatizo lake. Hakuna mfalme, hakuna ngazi nane, kila mtu ana simu. Mwandishi asipojenga kanuni nyingine anabaki na vituko, kama Temptation of Wife ya Korea ya mwaka 2008, sehemu 129, ambamo mke aliyeachwa afe baharini anarudi akiwa amejichora kidoa chini ya jicho na mumewe hamtambui. Inachekesha, na ilipendwa sana. Isitafutwe akili humo. Thailand ilipata njia safi zaidi mwaka 2012 katika Raeng Ngao: anayerudi kulipiza kisasi ni pacha wa marehemu, basi sura haina cha kuelezwa. India kwa muda mrefu iliwapa hila maadui peke yao, Komolika wa Kasautii Zindagii Kay akiwa kielelezo, na steringi akaachiwa machozi.

The Glory ya Korea, sehemu 16 zilizotoka kwa mafungu mawili, Desemba 30, 2022 na Machi 10, 2023, ndiyo iliyofanya hesabu vizuri. Moon Dong-eun, aliyechomwa mwili na wanafunzi wenzake kwa chuma cha kukunjia nywele, hana fedha wala ukoo. Mtaji wake ni muda, karibu miongo miwili. Anafanya kazi kiwandani, anasoma usiku, anakuwa mwalimu, kisha anajipenyeza hadi kuwa mwalimu wa darasa la binti wa aliyemtesa. Anajifunza mchezo wa vijiwe wa baduk kwa sababu mume wa adui yake anaupenda, na huo ni mchezo wa kuzingira eneo kimyakimya kwenye makutano 361, mwenye papara hupoteza. Ushahidi wake mkubwa ni macho ya mtoto. Yule binti hatofautishi rangi nyekundu na kijani. Kasoro hiyo hurithiwa kwa namna ambayo msichana, kwa kawaida, huwa nayo pale tu baba anapokuwa nayo na mama anaibeba. Mume hana. Mmoja wa marafiki wa shule anayo. Ni bakuli la damu lilelile la Beijing, ila safari hii maji ni safi na kipimo kinasema kweli. Mshirika wake ni mtumishi wa ndani anayepigwa na mumewe, anayejifunza kuendesha gari na kupiga picha ili amfuatilie adui. Mjakazi asiyenunulika, kwa mara nyingine.

Urefu ndio adui wa mwisho. Watayarishaji wa China waliuza kwa idadi ya sehemu, ndiyo sababu njama moja ilisimuliwa mara tatu na watu watatu. Februari 2020 mamlaka ya utangazaji ya huko ilielekeza tamthilia zisizidi sehemu 40, na baada ya hapo nyingi zikawa zinakomea hapohapo kwenye 40. Kufupisha nako kuna hatari zake. Toleo la Marekani la Empresses in the Palace, la 2015, lilibanwa hadi filamu sita za kama dakika 90 kila moja. Saa zaidi ya 50 zikawa tisa. Watumishi waliopatikana polepole wanatokea tayari wakiwa waaminifu, na Zhen Huan anaonekana kama mtu mwenye bahati. Nao wakubwa wa China hawajawahi kutulia kuhusu michezo hii. Januari 2019 jarida lililo chini ya gazeti la Beijing Daily lilizishambulia kwa kutukuza anasa na njama za ikulu, na marudio kadhaa yakaondolewa hewani. Kabla ya hapo, mwishoni mwa 2014, tamthilia ya mwigizaji Fan Bingbing kuhusu Wu Zetian, mwanamke aliyewahi kuitawala China, ilisimamishwa siku chache, ikarudi ikiwa imekatwa picha ili vifua visionekane. Sumu na kunyonga waliviacha.

Kwa hiyo, Mhariri, mnapoitambulisha tamthilia ya aina hii andikeni sehemu ni ngapi, toleo ni kamili au la kufupishwa, enzi ya nani, na kama steringi ni mtu aliyekuwepo. Mgeni aelekezwe kwanza The Glory kwa sababu ni fupi na kanuni zake ni za leo, kisha Yanxi, ambayo mwendo wake ni wa haraka, ndipo aje kwa Zhen Huan akiwa ameshajua suria anapata makaa ya aina gani. Ruyi ibaki baada ya hizo. Ukianza nayo hutamjua bi kizee ni nani.

Wako,
Mfuatiliaji wa tamthilia